Hosteli ya Chuo Haina Kengele

Kila mwaka, Oktoba ikielekea ukingoni, vyuo vikuu vya Tanzania huanza kupokea mwaka wa kwanza. Wiki hizo ukipita Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis utawatambua bila kuuliza: begi jipya la magurudumu, ndoo yenye mfuniko iliyojazwa vyombo, bahasha ya vyeti imebanwa kwapani, na mara nyingi mama au mjomba amesindikiza. Nyumbani wamejiandaa kwelikweli. Yamenunuliwa mashuka, chandarua, pasi na sabuni ya miezi miwili. Wazee wamemweka kijana kitako wakampa mawaidha: mtangulize Mungu, usisahau kilichokupeleka, jihadhari na makundi.

Maandalizi hayo yana heshima yake na siyabezi. Lakini yanampa kijana vitu na makatazo tu, wakati maisha ya hosteli yatamdai uwezo ambao hajawahi kupewa nafasi ya kuufanyia mazoezi. Atatakiwa aamue mwenyewe, kutwa kucha, mambo madogo madogo ambayo watu wengine wamekuwa wakimwamulia tangu azaliwe.

Wengi watasema kijana wetu haendi kuishi nje ya nyumbani kwa mara ya kwanza. Ni kweli. Shule za kata zilizoenea baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004 nyingi ni za kutwa, lakini kidato cha tano na sita husomwa zaidi bweni. Baada ya hapo, tangu 2013, vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita hupita kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Anayeripoti chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, au cha Dodoma amekwisha kulala ukumbi mmoja na wenzake makumi, amepanga foleni ya maji alfajiri, amekula maharage yenye wadudu bila kulalamika. Tunamwona ameiva.

Hapo ndipo tunapojidanganya. Bweni limemfundisha kustahimili na kutii, na vyote viwili ni mali. Lakini bweni lina kengele. Ya kwanza humwamsha, ya pili humpeleka kwenye usafi, nyingine paredi, nyingine darasani, nyingine chakula, nyingine prepo, na ya mwisho humzimia taa. Simu ni marufuku. Hela ya matumizi mara nyingi huwekwa kwa matroni au patroni. Akiumwa, kuna mtu atakayeona kitanda kina mtu saa nne asubuhi na kuuliza kulikoni. Kambini JKT hali ni hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi.

Hosteli ya chuo inamkabidhi ufunguo na kumwacha. Kipindi cha saa moja asubuhi asipokwenda, ukumbi una wanafunzi mia tatu na mhadhiri hajui jina lake. Asipokula, hakuna mwenye habari. Akilala saa tisa usiku kwa kutazama filamu, ni juu yake. Kwa niliyoyaona, wanaoyumba zaidi mwaka wa kwanza mara nyingi si wale waliosoma shule za kutwa huku wakichota maji na kuuza gengeni kwa mama jioni. Ni wale waliotoka shule kali zenye ufaulu mkubwa, ambako kila dakika ilikuwa na msimamizi. Hao wana akili na wana nidhamu, ila nidhamu yao ilikuwa inashikwa na mtu mwingine.

Tuangalie na historia kidogo, maana taratibu zetu za kumpokea mwanafunzi mpya zimerithiwa kutoka zama nyingine. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi aliyekaa mabweni yale aligharimiwa na serikali: chumba, chakula cha kafeteria, matibabu, hata fedha kidogo ya mfukoni. Mwanafunzi alitakiwa asome tu. Miaka ya 1990 ilipoanza, ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na chakula kikawa jambo la mwanafunzi mwenyewe na mama lishe wake. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004. Udahili ukapanda kwa kasi ambayo majengo hayakuweza kuifuata. Hosteli ya Mabibo ilipunguza makali, na Aprili 2017 zikafunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kilipangwa kwa wanafunzi 40,000 na kikajenga hosteli tangu mwanzo. Mwanafunzi wa leo ni mpangaji, mpishi, mweka hazina na msomi kwa wakati mmoja. Wiki ya mafunzo elekezi bado inamsemesha kana kwamba ni msomi tu.

Nianze na fedha, kwa kuwa huko ndiko wengi wanakoanza kuteleza. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, posho ya chakula na malazi kwa mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Haiji kwa siku. Boom, kama wanafunzi wanavyoiita posho hiyo, huingia kwa mkupuo, na mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana huyu pengine hajawahi kushika laki mbili zake mwenyewe. Sasa simu imetoa mlio, salio linasoma laki sita, na chumbani wenzake watatu wamepata ujumbe ule ule dakika ile ile.

Tupige hesabu yake taratibu. Tuseme chai na chapati asubuhi ni 1,500, wali maharage mchana 2,500, na usiku 2,500 nyingine. Hiyo ni 6,500 kwa siku, bila soda wala nyama. Inabaki 3,500 ya bando, sabuni, kutoa nakala za masomo, nauli, na kodi ya chumba. Inatosha kwa kubana. Lakini akinunua simu ya 350,000 wiki ya kwanza, zilizobaki ni 250,000 kwa siku 60, yaani kama 4,000 kwa siku. Hapo mlo mmoja umekufa. Mwezi wa pili ukianza utamsikia anasema anapiga pasi ndefu: amekula mara moja saa tisa alasiri ili imfikishe kesho. Wanalisema kwa kucheka, na wazazi wengi hawajui maana yake. Maana yake ni njaa, na mwenye njaa haelewi hesabu za saa moja asubuhi.

Njaa hiyo ina wateja wake. Kuna mikopo ya mtandaoni inayotoka kwa dakika tano na kurudi na riba ya kutisha, ikiambatana na ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji kwa watu wote waliomo kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kuna mikeka ya kubeti, ambayo hosteli za wavulana huijadili kama somo. Kijana aliyefundishwa kwamba kubeti ni dhambi, akaishia hapo, hana kinga ya kutosha. Anayejua kwamba boom lake ni siku 60 za chakula ana sababu ya kila siku ya kuacha.

Wenye kusindikiza mwanafunzi wajue pia kwamba majina ya wanufaika wa mkopo hutoka kwa awamu, na wapo wanaosubiri awamu ya pili, ya tatu, au rufaa. Hata aliyepata lazima akamilishe usajili na kusaini kabla hela haijaingia. Wiki za mwanzo ni za mfuko wa familia. Kumpeleka mtoto chuoni na nauli ya kwenda tu, kwa matumaini kwamba boom litamkuta getini, ni kumtupa.

Baada ya fedha, kuna wenzake wa chumbani. Chumba cha watu wanne, vitanda viwili vya deka, meza mbili, tundu moja au mawili ya umeme. Mmoja ametoka Ukerewe, mmoja Mbeya, mmoja Tanga, mmoja Pemba. Wiki mbili za kwanza ni salamu na kugawana karanga za nyumbani. Wiki ya tatu huyu anapiga muziki kwa spika saa sita usiku, yule anaamka alfajiri kuswali na kuwasha taa kubwa, wa tatu anachota sabuni ya unga ya wenzake kila Jumamosi, na wa nne ananuna. Mmoja wao anaweza kuwa mwalimu wa miaka thelathini na tano aliyekuja kujiendeleza. Wadogo wanamwita kaka na hawathubutu kumwambia kwamba anakoroma wala kwamba wageni wake wanakaa mno.

Malezi yetu hapa yana pengo. Tumewafundisha watoto kuvumilia na kumezea. Hatujawafundisha kusema jambo dogo likiwa bado dogo, kwa adabu, kwa aliye sawa nao au aliyewazidi umri. Matokeo yake kijana hunyamaza wiki sita, halafu siku moja ndoo inapigwa teke na vyombo vinatupwa koridoni. Wadeni anaitwa kuamua ugomvi ambao sentensi mbili zingeumaliza mapema. Zenyewe si ngumu: “Kaka, samahani, kesho nina kipindi saa moja. Ikifika saa tano usiku tunaomba utumie spika za masikioni.” Anayeweza kutamka hivyo bila kutetemeka na bila kufoka ameandaliwa kuliko mwenye begi lililojaa.

Ningependa kila chumba kikae wiki ya kwanza na kukubaliana, hata kwa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango: taa kubwa inazimwa saa ngapi, deki ni zamu ya nani, nini kinaazimwa na nini hakiguswi, mgeni anakaa mpaka saa ngapi. Hilo la wageni lisipitwe kwa aibu. Wapo wanafunzi wanaolazimika kwenda kulala chumba cha jirani kwa kuwa mwenzao amemleta mpenzi, na wanaona haya kulisema. Kitanda cha kila mmoja ni chake, ana haki nacho kila usiku.

Kisha kuna kubebana. Aliyepata nafasi ya hosteli anamkaribisha aliyeikosa, wanalala wawili kitanda cha mtu mmoja, na chumba cha wanne kinakuwa cha saba au wanane. Kanuni za vyuo zinakataza, na kila aliyesoma Mlimani anajua kwamba hufanyika. Sioni kosa la kwanza hapo kuwa la mwanafunzi. Wanaokosa hosteli hutafuta mageto, yaani vyumba vya kupanga, mitaa ya jirani kama Survey, Changanyikeni au Makongo, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, na mtoto wa mkulima hana. Mwenzake kumbeba ni utu. Lakini utu huo una gharama inayolipwa na watu wengine wa chumba kile, kwa choo, kwa maji, kwa hewa, na kwa umeme. Mwanafunzi mpya ajue mapema kwamba anaruhusiwa kukataa. Ndugu nao waache kupiga simu na kuagiza: mpokee mtoto wa shangazi yako, mtabanana hivyo hivyo. Mnamwagiza avunje kanuni za chuo na amani ya chumba kwa pamoja.

Uhaba una ubaya mwingine, wa kuwafanya wasichana wawe windo. Pale nafasi ya kulala inapokuwa adimu, hutokea mtu anayejifanya anaweza kuipata kwa masharti yake. Binti aambiwe waziwazi kabla hajaondoka nyumbani kwamba kudaiwa ngono ili apewe huduma ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kwamba akilipeleka jambo hilo nyumbani hatalaumiwa kwa mavazi yake. Hiyo sehemu ya pili ni ya wazazi, na bila hiyo sheria haimfikii.

Sasa usalama, ambao kwenye maandalizi yetu hautajwi kabisa. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, alfajiri, wanafunzi wengi wakiwa hostelini, na watu 148 wakauawa. Siku kumi baadaye, alfajiri ya Aprili 12, kulitokea mlipuko wa hitilafu ya umeme katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamini ni shambulio jingine. Walikimbia gizani, wakakanyagana, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja waliumia, na hapakuwa na adui yeyote.

Nimelifikiria tukio hilo la Kikuyu mara nyingi, kwa sababu linaonyesha jambo ambalo hosteli zetu nyingi hazijalishughulikia. Hofu ilikuwa halali kabisa. Kilichokosekana ni mazoezi: watu kujua milango iko wapi, ipi inafunguka usiku, nani ana ufunguo, wakutane uwanja upi, na nani atatangaza kwamba ni umeme na si risasi. Hebu muulize mwanafunzi yeyote wa ghorofa ya tatu atatoka wapi ngazi kuu ikijaa moshi. Muulize kifaa cha kuzimia moto kilipo na kama amewahi kukishika. Madirisha ya chini yana nondo kwa ajili ya wezi, mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli kwa sababu hiyo hiyo, na ndani kila chumba kina ekstensheni moja iliyobeba hita ya kuchemshia maji, pasi, jiko la umeme, laptopu na simu nne. Ukiongeza na wanaobebana, ngazi iliyopimiwa watu mia mbili inaweza kudaiwa ipitishe mia nne.

Kupika chumbani kunakatazwa karibu kila chuo, na katazo hilo halitafanikiwa peke yake. Mwanafunzi anapika kwa sababu kilo moja ya mchele inamlisha siku kadhaa kwa bei ya milo miwili ya kafeteria. Chuo kinachotaka majiko yatoke vyumbani kiweke chumba cha kupikia chenye nyaya zinazohimili mzigo, hata kimoja kwa kila jengo, na watu walipie umeme wanaotumia. Misako ya wadeni hukusanya hita ishirini Jumatatu, na Ijumaa zimenunuliwa nyingine ishirini, tena za bei rahisi na hatari zaidi.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi. Bima ya mwanafunzi kupitia NHIF imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wengi huikumbuka wakiwa tayari na homa ya nyuzi 39. Taarifa zikamilishwe wiki ya usajili. Chandarua kifungwe usiku wa kwanza, kisikae kwenye begi. Wasichana waelezwe, bila mafumbo, juu ya usafi wa vyoo vya pamoja na dalili za kwenda nazo zahanati badala ya kununua dawa dukani kwa ushauri wa jirani wa chumba.

Upweke unahitaji maneno zaidi, kwa sababu unajificha ndani ya kelele. Mtu anaweza kuishi katika jengo la watu mia nne na asiitwe jina lake wiki nzima. Aliyekuwa wa kwanza darasani huko kwao anakuta chumbani wenzake wote walikuwa wa kwanza. Matokeo ya majaribio ya kwanza yanatoka, amepata 11 kati ya 30, na neno la kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, linaanza kumzunguka kichwani. Akipiga nyumbani anasema niko salama, kwa kuwa huko wamechangishana nauli yake na hataki kuwavunja moyo. Ukimya wa namna hiyo umewapoteza vijana wazuri. Mzazi akiuliza unaendeleaje atajibiwa vizuri tu. Akiuliza jana usiku umekula nini, na umekula na nani, atasikia mengi zaidi.

Makerere, kule Kampala, wana desturi moja ambayo tungeweza kujifunza. Kila bweni, liwe Lumumba, Mary Stuart au Livingstone, lina jina, viongozi, nyimbo na fahari zake, na mwanafunzi mpya huwa mtu wa bweni fulani hata kama haishi humo. Desturi hiyo imezaa pia ushindani wa kijinga na fujo, sitaki kuipamba. Lakini inamfanya mgeni awe na wenyeji. Kwetu mwanafunzi hupewa namba ya chumba na risiti.

Vyuo vyenyewe vina kazi ya kufanya, na haihitaji fedha nyingi. Mafunzo elekezi ya sasa ni siku chache za kukaa ukumbini, ofisa baada ya ofisa: maktaba, bima, Bodi ya Mikopo, polisi, TAKUKURU, serikali ya wanafunzi. Kijana amesafiri saa kumi na nane, hajui atalala wapi, na anaambiwa kanuni arobaini kwa asubuhi moja. Hakumbuki hata tano. Nusu ya maneno hayo yahamishiwe wiki ya sita, wakati boom la kwanza limekwisha, ugomvi wa kwanza umetokea na alama za kwanza zimetoka. Yahamishiwe pia koridoni, jengo kwa jengo, wanafunzi thelathini na wadeni wao pamoja na wawili watatu wa mwaka wa pili wanaosema ukweli wa yaliyowapata. Siku hiyo hiyo king'ora kipigwe, watu washuke ngazi, wahesabiwe uwanjani. Hilo ni zoezi la nusu saa.

Na wewe mzazi au mlezi ambaye kijana wako anasubiri majina ya waliochaguliwa, una muda kati ya JKT na kuripoti. Usiumalizie kwenye orodha ya manunuzi. Mpe hela ya chakula cha nyumba ya wiki mbili kwa mkupuo, yeye ndiye aende sokoni, na ikiisha siku ya kumi msile nyama mpaka wiki ziishe. Acha kumwamsha. Akigombana na nduguye juu ya chaja, usiamue wewe, waache wazungumze mpaka waelewane. Mwonyeshe anavyofua shuka na anavyopika wali usioungua, awe wa kike au wa kiume. Kisha siku ya kumpeleka, kabla hujaaga, pandeni wote mpaka chumbani kwake, tafuteni mlango wa pili wa jengo, na mjaribu kama unafunguka. Ukikuta una kufuli, nendeni pamoja ofisi ya wadeni mkaulize ufunguo uko kwa nani usiku.